Hataza ya Kifua

Paukwa! Tafadhali msiitikie. Katika nchi ninayotaka kuwasimulia, kuitikia hadithi ni mali ya Waziri wa Utamaduni. Alikwisha kulisajili jambo hilo kwa jina lake, na anayeitikia bila idhini anajitafutia kesi. "Paukwa" nitasema mwenyewe, na "pakawa" nitaimeza. Nchi yenyewe sitaitaja. Mkiona inafanana na nchi mnayoijua, hayo ni macho yenu, nendeni mkapimwe.

Mimi ni raia mwema, mlinda lango wa hospitali kuu. Naipenda serikali yangu kama mtu anavyompenda mbwa wa jirani aliyefunguliwa mnyororo. Kwa hiyo nitasimulia kwa adabu, nikiweza.

Mambo yalianza siku ilipotangazwa orodha ya mataifa yanayoongoza kwa uvumbuzi. Sisi tulikuwa wa mwisho. Tena kati yetu na nchi iliyotutangulia paliachwa nafasi tupu, kama watu wanaomkwepa mwenye upele kwenye benchi. Mkuu wa Nchi aliisoma orodha hiyo akiwa anakula, akaisukuma sahani.

"Kwa nini hatuna wavumbuzi?" aliwauliza mawaziri wake.

Mawaziri wakatazama viatu vyao. Ukweli ni kwamba wavumbuzi tulikuwa nao. Kijana mmoja wa bondeni alitengeneza umeme kwa gurudumu la baiskeli na maporomoko ya mto. Yeye alikuwa gerezani, kwa kosa la kuwasha taa wakati wa mgao. Mama mmoja aligundua dawa ya viwavi wa mahindi kutokana na majani ya shambani kwake. Shamba lake lilichukuliwa ili ijengwe Taasisi ya Utafiti wa Viwavi. Lakini hayo si mambo ya kumwambia mkubwa akiwa mezani.

Nchi yetu ina mila moja nzuri sana. Kitu kikikosekana hakitafutwi, hufunguliwa ofisi yake. Tulipokosa maji ilijengwa Mamlaka ya Maji, jengo zuri lenye bustani ya nyasi za plastiki. Tulipokosa haki ikajengwa Wizara ya Haki. Basi tulipokosa uvumbuzi ikajengwa Ofisi Kuu ya Hataza, ghorofa juu ya ghorofa, vioo vitupu, ikameremeta mpaka ndege wakawa wanajigonga na kufa.

Kwa wasiojua, hataza ni cheti. Kinasema kitu hiki nimekibuni mimi, na mwingine asikiguse mpaka niseme ndiyo. Mkuu wa Nchi aliongeza sharti moja kwa mkono wake, kwa sababu hapendi kudanganywa: mtu yeyote akiweka pingamizi, mwenye cheti lazima auoneshe uvumbuzi wake hadharani, kwa mwili wake mwenyewe. Sharti hilo lilijaribiwa mapema. Fundi mmoja alikuwa amesajili mabawa ya mianzi, akawekewa pingamizi, akapelekwa kwenye dirisha la ghorofa ya juu kabisa. Tangu siku hiyo raia wa kawaida hawakusajili tena kitu chochote. Uwanja wakaachiwa mawaziri.

* * *

Waziri wa Maji alikuwa wa kwanza. Alisajili "Mfumo Jumuishi wa Kunyanyulia Maji kwa Mvuto wa Mkono", ambao sisi tulizoea kuuita kamba na ndoo. Waziri wa Kilimo akasajili "Teknolojia ya Upepo ya Kutenganisha Nafaka na Makapi". Alileta ungo wa mama mkwe wake ukapigwa picha. Waziri wa Nishati alisajili mafiga matatu. Mchoro ulifanywa na mshauri kutoka ng'ambo, ambaye mpaka anaondoka alikuwa bado anauliza jiwe la tatu lina kazi gani. Waziri wa Mawasiliano, mtu wa kisasa kweli kweli, alisajili kupiga yowe. Katika maelezo yake aliandika kwamba ni mawasiliano ya masafa marefu yasiyohitaji waya, mnara wala chaji.

Orodha iliyofuata ilipotoka tulikuwa karibu na kilele. Mkuu wa Nchi alitokwa na machozi kwenye televisheni, akatunukiwa uprofesa na chuo kinachoitwa kwa jina lake.

Halafu wakaja wakaguzi. Walivaa fulana za bluu na kutembea na kalamu sikioni, nyumba hata nyumba, wakichungulia majikoni. Ukikutwa unapikia mafiga matatu, uoneshe idhini ya Waziri. Idhini zilitolewa ghorofa ya juu kabisa ya Ofisi Kuu, na lifti ilikuwa imesajiliwa lakini haijawekwa.

Sasa sisi tungefanya nini? Tulivumbua. Mafiga matatu yana mwenyewe? Tukapikia mawe manne. Mkaguzi akapita, akatazama, akaandika, na wiki hiyo hiyo Waziri akasajili mawe manne. Tukachimba shimo tukapikia chini, wakasajili shimo. Kubeba ndoo kichwani kulikuwa kwa Waziri wa Uchukuzi, basi wanawake wakatafuta miti, wakaanza kubeba maji wawili wawili, mabegani. Wakasajili mabega. Sijapata kuona watu wenye akili kama majirani zangu wa siku zile. Kila asubuhi walikuja na jambo jipya, na kila jambo lilipata cheti, na jina lililoandikwa kwenye cheti halikuwa lao hata mara moja. Walivuna wezi wale, walivuna shamba wasilolilima! Samahani. Nilisema nitasimulia kwa adabu.

* * *

Waziri mmoja tu alikuwa hajasajili kitu, naye ni Mheshimiwa Dakta Mpandachalo, Waziri wa Afya. Udaktari wake ulikuwa wa heshima. Alijaribu kusajili chafya akakuta Waziri wa Mazingira amewahi. Wenzake wakaanza kumcheka vikaoni, na yeye ni mtu asiyependa kuchekwa. Basi akaja hospitalini kwetu kutafuta. Mimi ndiye niliyemfungulia lango.

Alipelekwa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Wodi hiyo ilikuwa na mashine ya joto ambayo Mheshimiwa mwenyewe aliizindua kwa kukata utepe. Umeme wa kuiwasha haukuja, kwa hiyo nesi Sikudhani alikuwa akiwekea humo mifagio. Mashine ikiwa imelala, kina mama waliwafunga watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga juu yake, wakakaa nao hivyo usiku na mchana.

Karibu na dirisha alikaa Bi Nyamvula, muuza mihogo wa mtaani kwetu, jirani yangu. Binti yake, Mbeyu, alikuwa amejifungua kwa taabu na presha ilikuwa haijashuka, hata kukaa hawezi. Kwa hiyo bibi ndiye aliyembeba mjukuu. Kajukuu kenyewe kalikuwa ka kike, kadogo kama kifaranga, kameitwa Kadzo.

"Mama," Mheshimiwa akauliza, "hicho ulichofunga kifuani ni nini?"

"Mjukuu wangu, Mheshimiwa."

"Namaanisha huo utaratibu."

"Utaratibu gani tena, baba? Mtoto kazaliwa mapema, mwili wake haujajua kujipa joto. Nampa la kwangu."

"Na hilo joto linatoka wapi?"

Bi Nyamvula alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa. "Linatoka kwangu. Mimi si mzima?"

Mheshimiwa akawageukia wasaidizi wake, akatikisa kichwa taratibu. Mmoja akatoa kamera, mwingine akatoa futi ya fundi cherehani akampima Bi Nyamvula kifua, bega kwa bega. Bibi wa watu akakaa wima, akajitahidi hata kutabasamu. Walipoondoka, nesi Sikudhani alikuwa na furaha nyingi.

"Bibi, umeona? Wametupima! Safari hii jenereta linakuja."

Halikuja jenereta. Kilikuja cheti chenye fremu ya dhahabu kikatundikwa ukutani, juu ya mashine ya mifagio: "Mfumo wa Kifua wa Kupashia Joto Watoto Njiti. Mvumbuzi: Mheshimiwa Dakta Mpandachalo." Chini yake palikuwa na mchoro wa kifua cha Bi Nyamvula, na mishale, na namba. Kichwa chake hawakukichora, nadhani walikiona hakihitajiki.

* * *

Nyuma ya cheti akaja mkaguzi, jina lake Bwana Ngoda. Alisimama mbele ya kitanda, kalamu mkononi.

"Mama, unatumia uvumbuzi wa Mheshimiwa Waziri. Idhini iko wapi?"

"Idhini ya nini, mwanangu?"

"Ya kumweka mtoto hapo."

"Sasa nimweke wapi?"

Bwana Ngoda alikuwa ameshajibu swali hilo majikoni mara nyingi. "Tafuta njia ambayo haijasajiliwa."

Bi Nyamvula akacheka. Alidhani ni mzaha. Alipoona mkono wa mkaguzi unaelekea kwenye fundo la kanga, kicheko kikamkauka. "Wewe mtoto, nikusikie vizuri. Nikimtoa hapa anakufa. Nani kakuzaa wewe? Alikuweka wapi ulipokuwa mchanga, sandukuni?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Hata panya ametumwa na njaa yake. Ondoa mkono."

Nesi Sikudhani, ambaye kaka yake ni karani wa mahakama, akaingilia kati. "Bwana mkaguzi, sheria si inasema mtu akiweka pingamizi anaruhusiwa kuendelea mpaka lisikilizwe?"

Bwana Ngoda akafikiri. Akakubali, na niseme kwa haki, alionekana kushukuru. Pingamizi likaandikwa pale pale, na Bi Nyamvula akabonyeza dole gumba. Kwa hiyo Kadzo akapata ruhusa ya muda ya kuishi.

Na akaitumia vizuri. Alianza kunyonya maziwa ya mama yake kwa kijiko, akaongezeka, mashavu yakaanza kutokeza. Mbeyu akapata nguvu ya kukaa, akawa anashikwa mkono na kuletwa kumtazama mwanawe. Jioni moja nilipopita kuwajulia hali, Bi Nyamvula alinifunulia pembe ya kanga. "Ona, jirani. Ananishika kidole huyu! Akifika umri wa kutambaa nitampeleka sokoni akawaibie wateja mihogo." Sote tulikuwa na matumaini. Tuliwaza kwamba Waziri akitakiwa kuonesha uvumbuzi huo kwa mwili wake, ataona haya, atafuta cheti, na bibi atarudi na mjukuu wake nyumbani kwa amani. Hatukukumbuka kwamba ili mtu aone haya lazima kwanza awe nayo.

* * *

Pingamizi lilisikilizwa katika ukumbi wa Ofisi Kuu ya Hataza. Nilikwenda kama shahidi, nikiwa nimemshika mkono Mbeyu ili asianguke. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma kwa baridi ya bucha. Niliwaomba wakipunguze, nikaambiwa hicho ni uvumbuzi wa Waziri wa Ujenzi na hakuna aliyeidhinishwa kukigusa.

Mheshimiwa aliingia na suti ya vipande vitatu, kifua kizima kimejaa nishani. Watu wakasimama. Msajili Mkuu wa Hataza, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akasoma sharti la Mkuu wa Nchi, kisha akasema, "Kielelezo kiletwe."

Kielelezo ni Kadzo. Bwana Ngoda alivaa glovu, akalifungua fundo la kanga ya Bi Nyamvula, akamchukua mtoto. Kadzo akalia kidogo, kilio chembamba.

"Mheshimiwa," Msajili Mkuu akasema kwa upole mwingi, "maelezo uliyosajili yanasema ngozi kwa ngozi. Samahani sana, itabidi vifungo..."

Mshauri wa Waziri akaruka. "Mheshimiwa havui shati mbele ya wapiga kura!"

Wanakikao wakanong'onezana. Wakaamua kwamba suti ya waziri aliye kazini ni sehemu ya mwili wake wa kiserikali. Kwa hiyo mtoto akalazwa juu ya nishani, juu ya vyuma vile vya baridi, na Mheshimiwa akamshikilia kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na hotuba.

"Ndugu wananchi," akaanza, "joto ni nini? Joto ni uongozi. Tangu nikiwa mdogo, nikichunga mbuzi wa baba yangu, nilijiuliza maswali mazito kuhusu kifua..."

Aliongea. Aliwashukuru wote wanaostahili kushukuriwa, kwa vyeo vyao. Alieleza alivyohangaika maabarani. Kadzo alikuwa ameacha kulia.

"Mheshimiwa, mtoto anapoa!" Bi Nyamvula akasema.

"Kimya, mama. Kikao kinaendelea."

"Jamani, midomo yake!" Mbeyu aliponyoka mkononi mwangu. "Tazameni midomo yake! Mpeni mama! Nawaomba, mpeni mama yangu amshike kidogo tu!"

Wakaguzi wakamzuia. Mheshimiwa akamtazama mtoto, uso wake ukachangamka. "Mnaona alivyotulia?" akauambia ukumbi. "Halii hata kidogo! Kuna uthibitisho gani zaidi ya huu?"

Wakampigia makofi. Walipiga makofi, wallahi, wakiwa wamesimama, na Bi Nyamvula alipita katikati ya makofi yale kama mtu anayepita kwenye moto, akamsukuma Ngoda, akamnyakua mjukuu wake, akajifungua blauzi mbele ya wote bila kujali wapiga kura, akamfunga kifuani. Akamsugua mgongo. Akampulizia. Akamwita jina lake, akamwita tena. Alikuwa na joto la kumtosha kila mtoto wa nchi ile, lakini halikumwingia tena.

Uamuzi ulisomwa kabla hatujatoka. Pingamizi limetupwa. Uvumbuzi hauna kasoro; kasoro ilikuwa ya mtoto. Mlalamikaji anaonywa kwa kuchukua kielelezo bila ruhusa ya kikao.

Sina adabu tena ya kusimulia hapa. Wauaji! Niliyaona meno yao wakicheka kwenye chai baada ya kikao, na biskuti wakala.

* * *

Tulimzika Kadzo siku ya pili. Wanawake wa mtaa wote walikuja, na walipofika makaburini wakavuta pumzi ya kulia kama wanawake wanavyolia msibani. Wakaguzi walikuwa wamekwisha kujipanga pembeni, kalamu mkononi. Yowe ni la Waziri wa Mawasiliano. Wakazirudisha pumzi zao vifuani. Kadzo akafukiwa bila kilio, na sauti iliyosikika ilikuwa ya majembe.

Kesho yake Bi Nyamvula hakwenda kuuza mihogo. Alikwenda akaketi kwenye ngazi za Ofisi Kuu ya Hataza, kanga imefungwa kifuani vile vile, haina mtu ndani. Hakusema neno. Mbeyu akaja akaketi karibu naye. Wakaja kina mama wa wodi na watoto wao, nesi Sikudhani, wanawake wa majikoni na wa visimani, na wanaume tukafuata, mpaka ngazi zikajaa, uwanja ukajaa, barabara ikajaa. Hakuna aliyesema kitu.

Bwana Ngoda akaja na kalamu. "Mnafanya nini?" Hakujibiwa. "Hiki mnachofanya, kimebuniwa na nani?" Hakujibiwa. Akasimama kwa muda mrefu akiikodolea macho ile kanga tupu, kisha akaingia ndani kutoa taarifa.

Ndani kukawa na mshtuko. Msajili Mkuu alipekua kabati zote, akagundua jambo la hatari: kunyamaza kulikuwa hakujasajiliwa! Mawaziri waligombania ngazi za ndani kwenda kukusajili, wakiangushana. Aliyefika wa kwanza ni Mheshimiwa Dakta Mpandachalo. Wenzake, kwa wivu, wakaweka pingamizi papo hapo. Na sharti la Mkuu wa Nchi mnalikumbuka: auoneshe hadharani, kwa mwili wake mwenyewe.

Walimtoa nje, juu ya ngazi, mbele yetu sote. Msajili Mkuu akampa ishara aanze.

"Ndugu wananchi," akasema Mheshimiwa, "sasa nitanyamaza. Lakini kabla sijanyamaza, naomba kwanza nimshukuru Mkuu wa Nchi..."

Alimshukuru. Akaeleza historia ya ukimya katika familia yao. Akaahidi tena kwamba atanyamaza, akafafanua atakavyonyamaza, akataja manufaa ya kunyamaza kwa uchumi. Waziri wa Maji akamnyang'anya kipaza sauti ili aseme kwamba yeye angenyamaza vizuri zaidi. Waziri wa Kilimo naye akaanza. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, jasho linawatiririka, nishani zinagongana, na hakuna hata mmoja aliyeweza kufunga mdomo.

Ndipo Bi Nyamvula akainuka. Alifungua kanga ile tupu, akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili mbele yake. Akavuta pumzi aliyoirudisha makaburini.

Nimeishi miaka yangu yote nchini humo na sijapata kusikia sauti kama ile. Wanawake wote wakaipokea, kutoka ngazini mpaka mwisho wa barabara, kisha na sisi. Vipaza sauti vikazama ndani yake. Vioo vya jengo vikaanza kutetemeka. Wakaguzi walitazamana, na Bwana Ngoda aliitoa kalamu sikioni, akaitia mfukoni, akafungua mdomo wake na yeye.

Sheria iko wazi, nakubali. Yowe lile ni mali ya Waziri wa Mawasiliano. Basi na aje alichukue.